Mlinzi Aliyetoka Malishoni

Katika mitaa mingi ya Nairobi, mpita njia hukutana na kibao kidogo kilichotundikwa langoni, chenye maneno mawili tu: "Mbwa Kali". Sarufi ya kibao hicho si njema, maana Kiswahili safi chataka "mbwa mkali". Walakini maana yake haimpiti mtu, na kila akisomaye huvukia upande wa pili wa njia. Aghalabu mlinzi aliye nyuma ya lango hilo ni mbwa mkubwa, masikio yake yamesimama, mgongo wake ni mweusi, na miguu yake ina rangi ya hudhurungi. Wengi humwita mbwa wa polisi. Ukimwuliza mwenye nyumba kwa nini alimchagua mbwa huyo, huenda akajibu kwamba alitaka mbwa wa kuogopwa. Jibu hilo ni fupi mno. Mbwa atakayelala mlango mmoja na watoto wetu yafaa achaguliwe kwa sababu iliyo bora zaidi, na sababu hiyo twaweza kuipata katika historia yake mwenyewe.

Jina lake kamili ni mbwa mchungaji wa Kijerumani, na jina hilo latwambia kazi yake ya asili. Zamani, katika sehemu nyingi za Ujerumani, mashamba hayakuwa na ua. Kondoo walilishwa katika vipande vya majani vilivyopakana na ngano na mboga za watu. Ilikuwa kazi ya mbwa kutembea juu ya mpaka huo mchana kutwa, akienda na kurudi, ili kondoo wasivuke kuingia katika mazao. Alikuwa kama ukuta wenye miguu. Kondoo mkaidi alipovuka, mbwa alimshika kwa meno bila kumrarua, kisha akamwachia mara moja.

Fikiri, msomaji, ni tabia gani iliyohitajiwa kwa kazi hiyo. Mbwa mwoga hakufaa, kwa kuwa kondoo dume angemtisha. Mbwa katili hakufaa vile vile, kwa kuwa kila kondoo aliyejeruhiwa ilikuwa hasara ya bwana wake. Mbwa mvivu angechoka kabla ya adhuhuri, na mbwa asiyesikia neno angeleta ugomvi baina ya mchungaji na wakulima. Kwa hiyo, kizazi baada ya kizazi, wachungaji waliwazalisha mbwa walio na ushujaa na utii kwa pamoja. Hawakujali sana rangi wala masikio, walijali kazi.

Mtu mmoja aliyewatazama mbwa hao kwa makini alikuwa Max von Stephanitz, kapteni wa askari wapanda farasi, aliyezaliwa mjini Dresden mwaka 1864. Tarehe 3 Aprili 1899 alikwenda katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, na huko akamwona mbwa wa kichungaji mwenye umri wa miaka 4, aliyeitwa Hektor Linksrhein. Alimpenda kwa nguvu zake, akili zake na utulivu wake. Alimnunua, akampa jina jipya, Horand von Grafrath. Tarehe 22 ya mwezi ule ule chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani kikaundwa, Stephanitz akiwa rais wake wa kwanza, na Horand akaandikwa wa kwanza katika daftari ya nasaba. Msingi aliouweka Stephanitz ulikuwa mwepesi kusema na mgumu kushika: thamani ya mbwa ni manufaa yake na akili zake, na uzuri usio na kazi si uzuri.

Lakini wakati ule ule kazi ya malishoni ilikuwa ikipungua. Reli na viwanda vilienea, ardhi ikagawanywa, na makundi ya kondoo yakawa machache. Stephanitz alitambua kwamba mbwa asiye na kazi angeharibika, naye akawashauri polisi na jeshi wamjaribu. Wazo la mbwa wa polisi lilikwisha kuota katika nchi jirani: mwaka 1899 mji wa Ghent, Ubelgiji, ulianza kuwatumia mbwa katika doria za usiku. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, mbwa wachungaji wa Kijerumani walipeleka barua vitani na kuwatafuta majeruhi. Mwaka 1916, mjini Oldenburg, ikafunguliwa shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka kwa sababu ya vita.

Hapa yafaa tusimame kidogo. Aina ile ile ya mbwa iliyoweza kumkamata mwizi usiku iliweza pia kumvusha kipofu njia mchana. Jambo hilo liliwezekanaje? Liliwezekana kwa sababu kazi zote mbili zina asili moja, nayo ni ile ya malishoni: kujua mpaka, kumsikiliza bwana, na kuitawala nafsi. Mlinzi wa kweli huanza kwa kujitawala, na meno yake huja baadaye.

Baada ya vita, sifa za mbwa huyu zikavuka bahari. Kwa kuwa jina la Ujerumani lilichukiwa, Waingereza walimwita mbwa wa Alsace, na jina hilo lilidumu kwao rasmi hata mwaka 1977. Ndiyo sababu hata Kenya wapo wazee wanaomwita "Alsatian". Huko Marekani, mbwa Rin Tin Tin, aliyeokotwa na askari Mmarekani katika medani ya vita Ufaransa mwaka 1918, alikuwa nyota wa sinema. Kila mtu akataka mbwa kama yeye. Penye haja kubwa hapakosi mfanyabiashara mwenye pupa, na watoto wa mbwa wakazalishwa kwa wingi bila kuchunguza tabia za wazazi. Wakatokea mbwa wenye sura ya ushujaa na moyo wa hofu. Mbwa wa namna hiyo ni hatari, kwa maana mwoga huuma kabla hajajua anachokiuma.

Hata Ujerumani kwenyewe mbwa walianza kuwa warefu mno na wenye tabia dhaifu. Katika maonyesho ya mwaka 1925 Stephanitz alimpa ushindi Klodo von Boxberg, mbwa mfupi wa kimo kuliko washindi waliomtangulia, ili kuwarudisha wafugaji katika njia. Mwaka 1929 Australia ilipiga marufuku kuingizwa kwa mbwa hawa nchini, kwa hofu kwamba wangechanganya damu na mbwa mwitu wa huko na kuua kondoo. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka miaka ya 1970. Ni ajabu ya dunia: mchungaji wa kondoo alifungiwa mlango kwa ajili ya kuwaokoa kondoo! Likafuata jambo baya zaidi. Katika kambi za mateso za utawala wa Hitler, walinzi waliwatumia mbwa hawa kuwatisha wafungwa. Kosa halikuwa la mbwa. Utii ni chombo, na chombo hufuata mkono unaokishika.

Historia hii yatufundisha nini sisi tunaotaka mlinzi wa nyumba? Kwanza, tumwulize muuzaji habari za wazazi wa mbwa kabla ya kuuliza bei. Twende tumwone mama yake. Ikiwa anajificha pembeni au anamrukia kila mgeni, yamkini watoto wake watamfuata. Tuulize pia habari za nyonga, maana aina hii ina ugonjwa wa nyonga unaorithiwa, na mlinzi kiwete ni mzigo wenye huzuni. Mtoto wa mbwa asitolewe kwa mama yake kabla ya majuma 8.

Pili, tusidanganywe na makelele. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, tena wakasema simba mwenda pole ndiye mla nyama. Mbwa abwekaye majani yakitikisika huwachosha watu wa nyumbani, hata siku mwizi ajapo hapana atakayeamka. Mbwa mtulivu akibweka, kila mtu hujua kwamba liko jambo. Na ikiwa haja yetu ni kuamshwa tu usiku, mbwa wa kienyeji, asiye na daftari ya nasaba, aweza kuifanya kazi hiyo vizuri na kwa gharama ndogo.

Tatu, mbwa wa kazi apewe kazi. Babu zake walitembea mchana kutwa. Tukimfunga mnyororo tangu asubuhi hata jioni, huku watoto wakimrushia mawe kupitia wavu, hatufugi mlinzi; twafuga adui ndani ya ua wetu. Siku mnyororo utakapokatika, hatamwuma mwizi, atamwuma yule mtoto aliye karibu. Samaki mkunje angali mbichi: mbwa azoezwe tangu udogo kuwaona watoto, wageni na majirani, kutembezwa kila siku, na kutii neno moja. Watoto nao wafundishwe kutomchokoza akilapo au alalapo. Tena achanjwe kichaa cha mbwa kwa wakati wake, kwa maana ugonjwa huo, dalili zikisha kutokea kwa mtu, humwua karibu kila mara.

Stephanitz alifariki tarehe 22 Aprili 1936, miaka 37 kamili tangu siku chama chake kilipoundwa. Katika muda huo aliona mbwa wake akisifiwa, akiharibiwa na kurekebishwa. Wachungaji waliomtangulia hawakuandika vitabu, lakini somo lao lingali hai katika kila mbwa mwema wa aina hiyo: walimchagua mbwa kwa kumtazama akifanya kazi, si kwa kumtazama akisimama. Nasi tukitaka kumweka mlinzi mlangoni, tusiulize ni nani atakayemwogopa. Tuulize kama mtoto mdogo wa nyumba aweza kulala karibu naye bila hofu. Mbwa astahiliye jibu jema kwa swali hilo ndiye mlinzi, hata kama langoni hakuna kibao.