Kompyuta mbili zilipokosana Umoja

Mwaka 2018 saiba moja hapa Umoja ilipandisha kompyuta zake hadi Windows 10. Folda ya CV za wateja, iliyobaki kwenye XP kuukuu, ikagoma kufunguka.

Kiini ni cha zamani. XP huelewa SMB1 pekee, lugha ya kushirikisha faili yenye asili yake IBM miaka ya 1980. Mei 2017 WannaCry ilipitia kasoro yake, ikafunga faili duniani kote ikidai pesa. Oktoba hiyo, Windows 10 toleo la 1709 likaanza kuitupa SMB1.

“Irudishe tu, wateja wanangoja,” mwenye saiba akanisihi. Ni kazi ya dakika mbili. Nilikataa, tukahamisha CV kwa flashi hadi mashine mpya, XP tukaichomoa waya.

Yako bado iko mtandaoni?