Sindano Nayo ni Huduma



Unakumbuka Aprili 6, 2020? Kitengela, Rongai, Kiserian na Ngong zilifungiwa pamoja na Nairobi. Kajiado mjini ikabaki ng'ambo ya kizuizi. Makanisa yalikuwa yamefungwa.

Wakati huo nchi nyingi zilizuia barakoa na mavazi ya kujikinga yasiuzwe nje. Hata mwenye pesa alikosa. Muuguzi alimkaribia mgonjwa wa Korona kwa hofu. Julai 10 tukampoteza Dkt. Doreen Lugaliki, daktari wa kwanza Kenya kuuawa na ugonjwa huo.

Lakini mafundi tulikuwa nao. Hapa jirani, EPZ ya Athi River, viwanda vilivyozoea kushonea soko la Marekani viligeukia barakoa na mavazi ya wahudumu wa afya. Kule Kitui, kiwanda cha kaunti, KICOTEC, kilishona barakoa maelfu kwa siku.

Soma Matendo 9. Dorkasi hatajwi kwa mahubiri, bali kwa nguo alizowashonea wajane. Fundi wa EPZ naye hakumjua muuguzi aliyemvisha, lakini alimkinga.

Mpendwa, usidharau kazi ya mikono yako. Leo mshukuru fundi mmoja na muuguzi mmoja.

Barikiwa. Sema Amina!