Wamunyoyaya na Wamalakote: Majirani Wadogo wa Mto Tana

Mtu wa mbali akitajiwa Tana River, anachokijua ni majina mawili tu: Wapokomo na Waorma. Magazeti nayo yamezoea kusema Mpokomo analima, Muorma anafuga, na wawili hawa wanagombania maji. Sasa hebu tujiulize sisi wa huku Madogo: Mmunyoyaya yuko wapi katika hesabu hiyo? Na Mmalakote je?

NI AKINA NANI?

Wamunyoyaya, ambao wengine waliwaita Wakorokoro, wanasema Kioromo kinachokaribiana sana na Kiorma. Ukiwasikia kwa mbali utadhani ni wafugaji. Kumbe maisha yao ni ya mtoni: shamba la ukingoni na uvuvi. Wamalakote, ambao wenyewe hujiita Wailwana, ni Wabantu na ni wakulima vilevile. Wanaishi kuanzia sehemu za Bura kupanda mto. Wamekaa na Waorma miaka mingi mpaka lugha yao ikachukua maneno mengi ya Kiorma, na hata sarufi na matamshi yakabadilika. Mtaalamu wa lugha Derek Nurse alitoa kitabu kuhusu jambo hili mwaka 2000.

Basi tunaye mkulima anayesema lugha ya wafugaji, na Mbantu ambaye lugha yake imechanganyika na Kikushi. Ile hadithi ya magazeti haikai. Watu hawa wadogo ndio ushahidi kwamba mkulima na mfugaji waliishi pamoja mpaka wakapeana lugha.

WALIVYOISHI

Katika karne ya 19 Waorma walikuwa na nguvu katika nyika kati ya Mto Juba na Mto Sabaki, na jamii za mtoni ziliishi chini ya kivuli chao. Miaka ya 1860 Wasomali waliwashinda, na Waorma waliobaki wakasogea kuelekea Tana. Jamii ndogo za ukingoni hazikuwa na jeshi wala mifugo mingi. Walichokuwa nacho ni ujuzi: mto unapanda lini, unashuka lini, mtumbwi uvukie wapi. Mfugaji alitaka nafaka, mkulima alitaka maziwa na nyama. Na zile njia za kuteremshia ng'ombe mtoni, yaani malka, ziliachwa wazi katikati ya mashamba kwa makubaliano ya wazee.

Kisha Uislamu ukapanda mto na wafanyabiashara na walimu, ukaenea sana katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Watu waliotofautiana kwa lugha na kazi wakawa wanasimama safu moja. Suratul Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba makabila ni ya kujuana. Lakini utamjuaje mtu ambaye hata jina lake hulitaji?

MTO UKAWA MPAKA

Mwaka 1963 Garissa iliwekwa Kaskazini Mashariki na Madogo ikabaki Pwani. Jamii moja iliyokuwa ikivuka mto kama mtu anayevuka ua ikajikuta katika mikoa miwili. Halafu vikaja vita vya Shifta, 1963 mpaka 1967, na hali ya hatari ikafuata. Mtu wa ukingoni aliyesema lugha ya Kikushi ilimbidi ajieleze yeye ni nani.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitoka juu, milimani. Tana inaanzia Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Zamani mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Maji yakishuka yaliacha udongo mweusi wenye rutuba, na watu wakapanda hapo bila mbolea. Kisha yakajengwa mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Taa zikawaka mijini, lakini mafuriko hayakuja tena kwa ile kalenda ya kina babu. Ujuzi wa miaka mingi ukapoteza nusu ya thamani yake. Mvua zikizidi, maji huja kwa kishindo. Tuliyaona mwaka 2018, tukayaona tena Novemba 2023 barabara ya Garissa ilipokatika hapa Madogo, na mwisho wa Aprili 2024 boti iliyokuwa ikivusha watu ilizama na roho zikapotea.

KWA NINI TUJALI?

Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Tana Delta. Hilo linatuonyesha panapofika watu wanaposahau makubaliano ya wazee juu ya ardhi na malka. Jamii ndogo wakati kama huo huambiwa ichague upande, wakati damu na lugha yake ziko pande zote mbili.

Wenzetu wa milimani wametupa funzo. Waogiek wa msitu wa Mau walifukuzwa mara nyingi katika ardhi yao. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki zao, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Walikuwa wachache, lakini waliweza kuonyesha wametoka wapi na wameishi vipi na msitu ule. Katiba yetu ya 2010 nayo, kifungu cha 56, inaitaka serikali iwe na mipango ya kuzipa jamii ndogo nafasi katika uongozi, elimu na kazi, na kukuza lugha na mila zao. Lakini kifungu hakiwezi kumsaidia mtu asiyeweza kueleza yeye ni nani.

Kijana, Ramadhan hii baada ya futari usikimbilie simu. Kaa na bibi, kaa na babu. Muulize majina ya samaki kwa lugha yake, majina ya malka za zamani na nani alipatana na nani. Andika kwenye daftari, au mrekodi kwa hiyo hiyo simu. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anakwenda na mambo ambayo hayako katika kitabu chochote.