Novgorod ya Kale na Ushahidi wa Magome ya Miti

Novgorod maana yake ni "mji mpya", jina la ajabu kwa mji unaohesabiwa miongoni mwa miji mikongwe ya Urusi. Mji huu umejengwa kando ya mto Volkhov, karibu na mahali mto huo utokapo katika ziwa Ilmen. Tarikh iliyotungwa Kiev mwanzoni mwa karne ya 12 yasimulia kwamba mnamo 862 makabila ya kaskazini yalimwita Rurik, mtu wa ng'ambo, aje ayatawale. Yafaa ikumbukwe kwamba habari hizo ziliandikwa miaka mia mbili na nusu baadaye, tena chini ya watawala waliojihesabu kuwa wazao wa huyo Rurik.

Ardhi yenyewe yatoa ushahidi mwingine. Masalia ya mji hayatangulii karne ya 10, ilhali makao ya karne ya 9 yamefukuliwa kilomita mbili hivi kusini, mahali paitwapo Gorodishche. Yaelekea upya wa mji ulipimwa kwa makao hayo. Katika mtaa wa Nerev barabara zilitandikwa magogo, na kila zilipozama matopeni yalitandikwa mengine juu yake: matabaka 28 kutoka 953 hadi 1462, miaka iliyojulikana kwa kuhesabu pete za miti.

Matope hayohayo yalihifadhi maandishi. Tarehe 26 Julai 1951, wachimbaji wa Artemiy Artsikhovsky walipata barua iliyochorwa kwa ncha kali juu ya gome la mti. Leo zimepatikana zaidi ya 1,100: za madeni, mashtaka, posa, hata mazoezi ya mtoto aitwaye Onfim. Kwa muda mrefu tahajia yake ilidhaniwa kuwa makosa ya watu wasiosoma sana; dhana nyepesi, nayo ilipotosha mengi.

Mfano ni barua nambari 247, ya karne ya 11, ihusuyo shtaka la wizi. Neno "kele" lililomo lilisomwa kwanza kuwa chumba cha mtawa. Andrey Zaliznyak alionyesha kuwa ni kivumishi chenye maana ya "zima": kufuli ni zima na milango ni mizima, basi hapakuvunjwa kitu. Kwingineko katika lugha za Kislavi "k" ya neno hilo imegeuka "ts", Novgorod haikugeuka. Wala si kosa la mwandishi mmoja, maana hali hiyo hurudi kwa utaratibu katika barua nyingine.

Hapa isimu yaisahihisha tarikh. Lahaja isiyopitia badiliko hilo haiwezi kuwa tawi lililochipuka kutoka usemi wa Kiev. Waslavi wa Novgorod walikuwa na usemi wao tangu kabla ya mji kujengwa, na tofauti hizo zaanza kufifia katika barua za karne za baadaye tu.