SEHEMU YA 6: MACHO NI YALEYALE, TOFAUTI IPO KWENYE KUSEMA "NDIYO"

Tuendelee na historia ya vipimo. Leo tuone jinsi watu walivyojifunza kumpima anayepima.

Vita Kuu ya Pili, mwendesha rada alikodolea skrini akitafuta ndege ya adui kati ya vitone vya ovyo. Akinyamaza na ndege ipo, watu wanakufa. Akitoa tahadhari kila dakika, marubani wanarushwa bure na mwisho hasikilizwi.

Hospitalini nako mambo yalikuwa hayohayo. Mwaka 1947, Marekani, ilitoka ripoti ya wasomaji watano waliopewa picha zilezile za vifua watafute TB. Hawakukubaliana. Tena msomaji akirudishiwa picha zilezile, alijipinga mwenyewe!

Mwaka 1954, Wilson Tanner na John Swets wa Chuo Kikuu cha Michigan walitumia hesabu za aina ya zile za rada kueleza macho ya binadamu. Wakasema jibu la mtu lina mambo mawili: uwezo wake wa kutofautisha, na kizingiti chake cha kusema "ipo".

Twende taratibu. Tuseme kuna picha 100 za wagonjwa na 100 za wazima. Msomaji wa kwanza anakamata wagonjwa 84, lakini anawaita wazima 16 wagonjwa. Wa pili anakamata 69 tu, ila anakosea kwa wazima 7. Ukiangalia wagonjwa peke yao, utasema wa pili haoni. Ukipiga hesabu ya yote mawili, uwezo wao ni karibu sawa, kama 2 kwa kila mmoja. Wa pili haoni vibaya, ila kizingiti chake kipo juu.

Mwaka 1960 daktari wa picha Lee Lusted alionesha jambo hilo kwa wasomaji wa picha za kifua: ukitaka kukosa wachache, utakubali tahadhari za bure zaidi.

Sasa fikiria wodini. Nesi aliyefokewa kwa kumwamsha daktari saa 9 usiku "bila sababu", kesho atasubiri kidogo. Macho yake hayajabadilika, kilichopanda ni kizingiti. Na anayelipa ni mgonjwa. Kwa hiyo kabla ya kusema mwenzetu hajui kazi, tuulize: nani alikipandisha?

Tukutane sehemu ya 7.