Kuvunja moyo

Kuvunja moyo ni nahau ya Kiswahili yenye maana ya kumwondolea mtu ari au matumaini ya kuendelea na jambo. Nahau inayoikaribia zaidi ni *kukatisha tamaa*. Moyo ni neno la Kibantu na hutajwa kama makao ya ujasiri na nia. Tamaa limetoka katika Kiarabu na lina maana mbili, tumaini na uchu. Maana ya pili ndiyo iliyomo katika methali "Tamaa mbele, mauti nyuma". Katika *kukata tamaa* imo ya kwanza.

Tofauti kubwa imo katika viambishi. *Kuvunja moyo* humtaja mletaji wa hali hiyo, awe mtu, habari au tukio: matokeo mabaya ya mtihani "yamemvunja moyo" mwanafunzi. *Kuvunjika moyo*, kwa kiambishi -ik-, hueleza hali ya aliyefikwa, na mtu mwenyewe huwa kiima: "amevunjika moyo". Kwa *kukata tamaa* mambo hugeuka, kwani anayekata ni yule anayepoteza tumaini. Kisababishi huhitaji umbo la *kukatisha*. Wanaojifunza lugha huchanganya hapa mara nyingi.

Nahau hizi hazilingani uzito. Aliyevunjika moyo aweza kuendelea na kazi kwa unyonge, ilhali aliyekata tamaa kwa kawaida ameacha kutarajia. *Kufa moyo* huwa na uzito zaidi ya kuvunjika moyo. Kinyume cha *kuvunja moyo* ni *kutia moyo* au *kupa moyo*.