Mvulana na Bundi: Asili ya Timothy Hunter katika The Books of Magic

Kati ya mwaka 1990 na 1991, kampuni ya DC Comics ya Marekani ilichapisha The Books of Magic, hadithi ya katuni yenye sehemu nne iliyotungwa na Neil Gaiman. Mhusika wake mkuu, Timothy Hunter, ni mvulana Mwingereza wa miaka 12, mwenye miwani na bundi, anayeambiwa kwamba anaweza kuwa mchawi mkuu wa zama zake.

Mwaka 1997 ilipotoka riwaya ya kwanza ya Harry Potter, ya J. K. Rowling, wasomaji walikutana tena na mvulana, miwani, bundi na uchawi. Baadhi yao walishuku wizi wa kifasihi. Gaiman mwenyewe aliipinga dhana hiyo, akieleza kwamba watunzi wote wawili walichota kwa T. H. White. Katika The Sword in the Stone (1938), mtoto Wart, asiyejua kwamba atakuwa mfalme, anafundishwa na Merlyn, mchawi mwenye bundi.

Hivyo basi, bundi ni urithi wa wote. Upekee wa Gaiman uko kwingine. Wart hukuzwa kwa ajili ya ufalme bila kuulizwa. Timothy huonyeshwa kwanza gharama ya uchawi, kisha huachiwa uamuzi. Kwa kuzitazama alama za nje pekee, tuhuma ya wizi iliifunika tofauti hiyo, ambayo ndiyo kiini cha kazi yenyewe.